Mbwa Aliyekosa Mwenyewe Shauri Moyo

Nyinyi vijana mnaopeleka vyakula vya watu mtaani Fedha kwa pikipiki, huwa nawatazama kutoka mlangoni kwangu na nacheka mpaka mke wangu ananiuliza kama niko salama. Kijana anafika getini, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umebeba kuku wa wenyewe. Anasukuma geti kwa goti. Baada ya muda mfupi anatoka mbio kuliko alivyoingia, na kuku amebaki ndani. Halafu anawaambia wenzake kwamba mbwa wa Fedha wana roho mbaya. Mbwa hana roho mbaya, kijana. Mbwa amefanya kazi yake, wewe ndiye hukufanya yako.

Najua ninachosema kwa sababu nilikuwa karani wa mbwa kwenye baraza la jiji, mnaloliita kanjo. Msicheke, ilikuwa kazi na ilisomesha watoto wangu. Katika miaka ya sabini na mwanzo wa themanini, kila mbwa wa mji huu alitakiwa awe na leseni ya kulipiwa na kibati kidogo cha shaba shingoni. Ilibidi mtu azunguke mitaa ya Makongeni, Shauri Moyo, Jericho na Bahati akiuliza mbwa huyu ni wa nani na yule ni wa nani. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na daftari, begi la turubai na penseli nyuma ya sikio. Watoto wakiniona kwa mbali walikuwa wakiimba, "Karani wa mbwa! Karani wa mbwa!" na mimi nikifika mlangoni, mbwa wa nyumba ameshageuka kuwa wa jirani.

Kazi nilifunzwa na Mzee Kioko, Mkamba mfupi mwenye suruali ndefu kuliko miguu yake, ambaye alikuwa amefanya kazi hiyo tangu enzi za mkoloni na mwilini hakuwa na kovu hata moja la meno. Siku yangu ya kwanza alinipeleka Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Akanisimamisha mbele ya mbwa mweusi wa dereva mmoja wa treni, mbwa mwenye kichwa kama sufuria ya ugali wa harusi, akaniambia, "Wewe simama hapo. Mimi naenda kunywa chai."

"Na mbwa, Mzee?"

"Mbwa hanywi chai."

Akaenda kweli. Nilifanya kosa ambalo kila mtu hulifanya, nikakimbia. Mbwa hata hakuwa ameamua kunifukuza, mimi ndiye niliyempa wazo. Nilipanda juu ya tangi la maji nikakaa huko, na mama mwenye nyumba akaendelea kufua nguo zake chini yangu, akinisalimia kwa heshima zote kila alipoinua macho. Mzee Kioko aliporudi alimpita yule mbwa ubavuni bila haraka, macho chini, mikono imetulia, begi limening'inia mbele ya magoti. Mbwa akamnusa, akaenda kulala.

"Ukikimbia wewe ni sungura," aliniambia nikiwa bado huko juu. "Ukimkodolea macho umemtukana. Ukiinua mikono umechukua fimbo. Sasa shuka, tuandike."

Tangu siku hiyo nilisimama. Nilijifunza kutikisa vibati vyangu getini kabla ya kuingia, ili mbwa ajue nimefika, kwa kuwa mbwa aliyeshtuliwa huuma kwanza na kuuliza baadaye. Nilijifunza kumpa ubavu badala ya kumkabili uso kwa uso, na kurudi nyuma polepole, hatua moja moja. Nilijifunza kwamba mkia unaotikisika si cheti cha tabia njema. Ukiwa umesimama wima na unatikisika kidogo kwenye ncha, kaa mbali. Na ukiangushwa, jikunje, ficha shingo na masikio, nyamaza. Ukipiga kelele unamwongezea hamu. Na kuna mbwa wa aina tatu ambao Mzee Kioko alisema hata yeye hawasalimii: anayekula, aliyelala, na mwenye watoto. Hilo la tatu alilisema mara nyingi, na mtaona jinsi nilivyolisikia vizuri.

Niruke mbele kidogo niwape cha Fedha, kwa kuwa najua mnapenda mambo ya kortini. Fedha ilipoanza kujaa watu, ilikuja na mageti, na mageti yakaja na maandishi: MBWA KALI. Bwana mmoja wa ofisini, mtu wa tai kila siku, aliandika lake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka la nyama. Asubuhi moja akaenda kazini akaliacha geti wazi, na mbwa wake akamuuma mama muuza sukuma wiki aliyekuwa anapita njia. Kesi ikaenda kortini, na mimi nikaitwa kueleza habari za leseni. Yule bwana alikuja akitabasamu. Alikuwa ameling'oa bango lake getini akaja nalo chini ya kwapa.

Hakimu akamuuliza, "Ulijua mbwa wako ni mkali?"

"Nilijua, mheshimiwa! Na nikaandika! Hii hapa!"

"Basi ulijua," hakimu akasema, "na geti ukaliacha wazi."

Tabasamu likaisha. Alilipia matibabu ya yule mama na siku zote alizokosa kuuza mboga, na akatoka akiwa amelibeba bango lake kwa aibu. Shikeni hilo. Bango linamwonya mpita njia, halimwoshi mwenye mbwa. Ukijua mbwa wako anauma, kumfunga ni juu yako, kumchanja ni juu yako, na akiuma, mgonjwa ni wako.

Lakini yule bwana wa tai nilimheshimu kwa jambo moja. Alisema mbwa ni wake. Shauri Moyo sikuwahi kulisikia neno hilo. Kule walikaa mafundi wa majiko na masanduku ya bati, wauzaji wa soko la Gikomba, watu wa kazi na maneno. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Mama, mbwa huyu ni wa nani?"

"Mbwa gani?"

"Huyu amelalia mguu wako."

"Aa, hii? Hii inapita tu."

Inapita tu, na inakoroma. Basi nami nikawa mkali kuliko mbwa wenyewe. Kila Jumanne nilisimama katikati ya uwanja wao na kuwahubiria sheria: si lazima uwe ulimnunua, si lazima uwe na risiti. Ukimlisha mbwa, akakuzoea, akalala kwako, wewe ndiye mwenyewe. Walinisikiliza kwa adabu sana. Aliyenisikiliza kwa adabu kuliko wote ni Mama Njoki, mama wa Murang'a aliyekuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na mafundi wa majiko. Alikuwa akikoroga sufuria yake huku akiitikia kwa kichwa kama yuko kanisani.

Hapo kwa mafundi palikuwa na mbwa jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika. Mafundi walimwita Sufuria. Watoto walimwita Popi. Mama Njoki alimwita Wewe. Alikuwa na majina mengi na hakuwa na mwenyewe hata mmoja. Jumanne moja nikamkuta amezaa nyuma ya mabati ya mafundi, na mimi, kwa bidii ya kazi iliyonijaa, nikaona hao ni mbwa wasioandikwa. Nikachuchumaa. Nikaingiza mkono gizani niwahesabu. Nilikuwa nimefika wa nne.

Aliniuma hapa, chini ya kidole gumba. Kovu bado lipo, na wajukuu wangu huliomba kama peremende. Sikumlaumu hata wakati ule damu inatoka. Nilikuwa nimeingia bila hodi, kwa mzazi, na kumshikia watoto.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Njoki. Alinikokota mpaka kwenye mfereji, akanifungulia maji na kunisugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia mpaka nikadhani anataka kuitoa ngozi. "Tulia, karani! Acha ioshwe!" Nikataka kumshukuru, akasema nisiongee, nisimame hapo hapo maji yapite. Muda mrefu sana alinisimamisha. Alifanya sawasawa kabisa. Hata leo ukiumwa, kabla ya kumtafuta mwenye mbwa, kabla ya kupiga picha, tafuta maji na sabuni.

Nikaenda zahanati. Daktari alikuwa kijana mpole wa miwani. Akaangalia mkono, akachukua kalamu, akaniuliza:

"Mbwa ni wa nani?"

Swali lile nilikuwa nimewauliza watu miaka kumi na moja, na sasa limerudi likanikuta mimi.

Akanieleza taratibu. Kichaa cha mbwa kikishamwingia mtu na kuanza kuonekana, hakuna dawa. Kama mbwa ana mwenyewe atakayemfunga na kumtunza siku kumi, na mbwa akala na kunywa na kubaki mzima, basi mimi niko salama. Kama hana mwenyewe, basi kesho saa mbili asubuhi tunaanza sindano kumi na nne za tumboni, kuzunguka kitovu, moja kila siku. Na mbwa atapigwa risasi, kichwa kiende kupimwa. Nilimuuliza watoto wake watakuwaje. Akanitazama juu ya miwani, akasema yeye ni daktari wa watu.

Vijana, siku hizi sindano ni chache na zinapigwa begani. Msingoje siku kumi kama tulivyongoja sisi, nendeni siku ile ile. Lakini zile za tumboni za wakati wetu, nilikuwa nimemwona mtu aliyezipata. Alikuwa anatembea ameinama kama anatafuta shilingi.

Nikarudi Shauri Moyo mchana ule ule, mkono umefungwa bandeji. Nikasimama pale pale ninapohubiria.

"Ndugu zangu, mbwa huyu ni wa nani?"

Fundi mmoja akagonga bati lake mara moja, akaacha.

"Sitaki leseni!" nikasema. "Sitamwandika mtu! Nataka tu mtu aseme ni wake, amfunge siku kumi!"

"Karani leo amekuja na mtego mpya," fundi akawaambia wenzake. "Na hii imefungwa bandeji kabisa."

"Wallahi si mtego!" Mimi Mpresbiteri wa ubatizo, nikajikuta naapa hivyo.

"Leo anataka siku kumi, kesho atataka mtu afungwe miezi kumi. Kuuma mtu wa kanjo si mchezo."

Niliwabembeleza. Niliwaonyesha mahali kitovu changu kilipo. Walinionea huruma kweli, niliiona usoni mwao, na hakuna aliyesema ni wake. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu niliona nilichokijenga. Miaka yote ile nilikuwa nimewafundisha watu hawa kukana, na walikuwa wamefuzu.

Ndipo Mama Njoki akaweka mwiko chini.

"Karani, wewe si hutuambia mwenye kulisha ndiye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo sheria." Nikadhani anajitaja.

"Na ni nani hupatia hii mbwa mkate kila Jumanne? Mkate na siagi?"

Nikajifanya naikaza bandeji yangu.

"Na huiita Sista. 'Kuja Sista, kuja mama.' Tumekusikia sisi wote. Ukifika hapa inakukimbilia, ikikuona unaenda inakusindikiza mpaka barabarani. Sasa hiyo ni mbwa ya nani?"

Vicheko vilivyotoka pale vilisikika Gikomba. Mafundi walipiga mabati. Mzee mmoja alilazimika kukaa chini. Lakini sheria ni sheria, na hiyo nilikuwa nimeihubiri mwenyewe kwa sauti yangu mwenyewe. Nikachukua penseli kwa mkono mzima, nikafungua daftari, na kwenye nafasi ya mwenye mbwa nikaandika jina langu.

Kumhamisha mzazi aliyekwisha kuniuma ilikuwa kazi nyingine. Mama Njoki, ambaye mbwa hakumnung'unikia hata kidogo, alitia watoto wote watano katika karai, akaliweka kwenye mkokoteni, na mama yao akaufuata mwenyewe, pua juu ya karai, kutoka Shauri Moyo mpaka Jericho nilikokaa. Nami nyuma, mkono kifuani. Mke wangu alitoka mlangoni akatazama msafara wote.

"Kwa hivyo umeumwa na mbwa yako mwenyewe," akasema. "Utajishtaki?"

Mzee Kioko alinifanyia mabaya zaidi. Alinikalisha ofisini nijaze fomu ya kuumwa. Mlalamikaji: mimi. Mwenye mbwa: mimi. Akaisoma polepole, midomo ikitetemeka, kisha akaniuliza, "Na mmeelewana?"

Nilicheka nao. Lakini asubuhi ya pili nilipoamka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda nyuma ya nyumba kuona kama amekula. Asubuhi ya tatu alikuwa amekula, ila maji hakuyagusa. Mtu akikuambia kwamba mbwa mwenye kichaa hukataa maji, halafu ukaona bakuli limejaa vile ulivyoliacha, unasahau kwamba wewe ni mtu mzima. Nilipiga magoti kwenye matope na kumbembeleza, "Kunywa Sista, tafadhali kunywa." Mke wangu alikuja, akanusa lile bakuli, akaniambia nimetumia bakuli lake la kufulia, linanuka sabuni, hata yeye asingekunywa. Akaleta sufuria safi. Sista akanywa yote. Mimi nikarudi ndani nikakaa kitandani, nikaficha uso.

Baada ya hapo mke wangu aliacha utani. Nilikuwa nikinywa chai namwona ananiangalia koo, kama inapita.

Jambo moja lilinishangaza. Mama Njoki alikuja karibu kila asubuhi, kwa miguu, kabla ya kuweka sufuria yake motoni kule kwao. Alileta githeri isiyo na chumvi, akasema ni ya kuongeza maziwa ya watoto. Alikuwa akichuchumaa mbele ya Sista, anamtazama macho, anamshika masikio, kisha anaondoka. Nilidhani anakuja kuniangalia mimi. Nikamwambia mke wangu, ona watu wa Shauri Moyo wanavyonipenda.

Siku ya kumi akaja mtu wa mifugo. Alimzungusha Sista, akamfungua mdomo, akampa mfupa, akamtazama akiutafuna na akamwona akinywa maji. "Mbwa ni mzima," akasema, na akaniandikia karatasi. Sikuona aibu kulia, na siioni leo. Nililia mbele ya mke wangu, mbele ya majirani na mbele ya mbwa.

Nilipofuta macho nikamwona Mama Njoki bado amesimama, karai yake mkononi.

"Karani, fungua hiyo daftari."

"Ya nini, mama?"

"Hiyo mbwa ni yangu."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Nikamwambia kwa sheria mbwa ni wangu, nimemwandika, nimemlisha siku kumi, na kusema kweli tumezoeana. Akasema yeye amemlisha miaka miwili, na mkate wangu wa Jumanne hauwezi kumshibisha hata kuku. Nikasema sheria haisemi habari ya kushiba. Tukabishana hapo nje ya nyumba yangu, watu wazima wawili, tukigombea mbwa wa sikio moja, mpaka mke wangu akaniambia nimwache mama wa watu aongee.

"Kulikuwa na nyingine," Mama Njoki akasema. "Nyeupe. Miaka mitatu sasa. Uliniuliza ni ya nani, nikaogopa, nikasema si yangu. Ukaita ile gari ya kanjo, ikabebwa kwenda kuuawa. Njoki wangu alikuwa amesimama hapo mlangoni anasikia. Mpaka leo nikimkosea kitu kidogo ananiambia, 'Mama, ulisema si yetu.' Na juzi nikakutupia hii nayo, nikacheka na hao mafundi. Siku kumi sijalala. Hii sitasema hivyo. Ni yangu. Kama kuna kesi, ni yangu pia."

Nilimtafuta yule mbwa mweupe kichwani mwangu, nikamtafuta sana. Sikumkumbuka. Nilikuwa nimeita gari mara nyingi mno.

Ndiyo maana nawaambia, nyinyi wenye mageti na nyinyi mnaopita mageti. Mfungeni, mchanjeni, mtembezeni kwa kamba. Na siku akiuma, kabla hujaulizwa, sema ni wangu. Mtu aliyeumwa hana usalama mwingine zaidi ya hilo neno lako, na mbwa naye hana.

Nilifuta jina langu. Nikaandika la Mama Njoki, nikamkabidhi kibati na karatasi ya leseni, nikamwambia hakuna kesi, mwenye kosa ni aliyeingiza mkono. Aliyafuata maandishi kwa kidole, akayasoma mara mbili. Kisha akaniuliza kama jina la Njoki pia linaweza kuandikwa hapo, ili ampelekee karatasi akaione mwenyewe.

Nafasi ilikuwa ya jina moja. Nikayaandika yote mawili.